Kununua nakala ya Monet kwa nyumba ya Lamu: iletwe ikiwa ndani ya fremu, au ije karatasi tupu?

Binti wa Mkomani

Assalaam alaykum. Ninaomba ushauri wa wenye ujuzi wa picha na wenye ujuzi wa nyumba zetu, kwa sababu jambo langu linahusu vyote viwili.

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi hadi magoti yalipomkatalia, na sasa anakaa nyumbani Mkomani. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu picha ya Claude Monet iitwayo "Regatta at Sainte-Adresse", ambayo mchoraji huyo wa Ufaransa aliichora mwaka 1867 kwenye ufuo ulio karibu na bandari ya Le Havre, na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mjomba aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho yake, akasema: "Haya ni maji ya kujaa. Na hawa hawakutoka kuvua, wanashindana." Mimi nilikuwa nimeona anga la buluu na matanga meupe tu. Tangu siku hiyo ananiuliza zile mashua zake ziko wapi, nami nimeazimia kumnunulia nakala nzuri ya kutundika ukutani.

Nimempata muuzaji wa ng'ambo anayetaka dola 310 kwa picha iliyokwisha kutiwa fremu na kioo, bila kuhesabu nauli. Anasema ni chapa ya "giclée", tena ni toleo la idadi maalum, nambari 112 kati ya 500, na kwamba itakuja na cheti cha uhalisi. Picha hiyo hiyo bila fremu anaiuza dola 70. Ukuta wenyewe ni wa mawe na chokaa, kama nyumba zote za kale hapa, na wakati wa masika hutoa jasho. Nafasi iliyopo, kati ya mlango na zidaka (vile vishubaka vya ukutani), ina upana wa sentimita 95.

Je, jina hilo la giclée lina maana yoyote, au ni la kupandishia bei? Cheti kina thamani? Na kwa wale waliowahi kuagiza kitu chenye kioo kikafika Lamu, kilifika?

Mpiga Chapa, Malindi

Wa alaykum salaam, dada. Kazi yangu ni kuchapa picha, nyingi zikiwa za mahoteli na nyumba za wageni hapa Malindi, kwa hiyo nitajibu yale ya karatasi na wino, na ya fremu nitawaachia mafundi.

Neno giclée lilianzishwa mwaka 1991 na mchapaji wa Marekani, Jack Duganne, kutokana na neno la Kifaransa la kurusha maji, kwa kuwa mashine hizi hufanya kazi kwa kurusha matone madogo mno ya wino juu ya karatasi. Neno ni zuri, lakini hakuna anayelilinda, na mtu yeyote mwenye mashine ya wino ofisini anaweza kuliandika kwenye tangazo lake. Muulize muuzaji maswali mawili tu, na asipoyajibu kwa neno moja moja, mwache. La kwanza ni aina ya wino. Wino wa pigmenti una chembe za rangi zisizoyeyuka, na hizo hustahimili mwanga kwa muda mrefu. Wino wa rangi iliyoyeyushwa hung'aa sana siku za mwanzo, kisha hupauka, na buluu ya anga ikishaanza kupauka picha nzima huonekana kama imefuliwa. La pili ni karatasi. Unayoitaka ni ya pamba tupu, isiyo na asidi, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Karatasi ya bei rahisi ya nyuzi za mti huwa na asidi ndani yake, nayo hugeuka manjano na kuwa kavu kama kaki hata ikikaa gizani.

Ikifika, kaazime lenzi ya fundi wa saa uitazame kwa karibu. Bango la kiwandani litakuonyesha vinukta vilivyopangwa kwa safu, kama vya picha ya gazeti. Chapa ya wino wa kurushwa itakuonyesha vumbi la vitone visivyo na mpangilio wowote, na rangi moja itaingia katika nyingine bila mpaka. Ukiona safu, umeuziwa bango.

Kuhusu cheti, nisamehe nikisema wazi: kinathibitisha kwamba duka limechapa ilichochapa. Monet alifariki Desemba 1926. Sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mchoraji kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na muda huo ulikwisha zamani, kwa hiyo mtu yeyote ana ruhusa ya kuchapa picha hiyo. Nambari 112 kati ya 500 ina maana pale mchoraji aliye hai anapochapa mwenyewe, akatia saini kwa mkono na kisha akaacha kuchapa. Hapa anayehesabu ni duka, na duka la jirani likitaka litachapa elfu tano kesho. Saini utakayoiona ukiwa umeipokea picha ni sehemu ya picha, imechapwa pamoja na mchanga.

Tena, makumbusho yenyewe ya Metropolitan yaliruhusu mwaka 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zichukuliwe bure kwenye mtandao na zitumiwe kwa lolote. Unaweza kulichukua faili hilo na kumpelekea mchapaji yeyote wa Mombasa au Nairobi mwenye mashine ya pigmenti na karatasi ya pamba, na hapo dola 70 nazo zitapungua.

Sasa ukubwa, maana hapa ndipo wengi wanapokatwa bila kujua. Picha halisi ni sentimita 75.2 kwa 101.6, yaani upana ni kimo mara moja na theluthi na kidogo. Wauzaji wa fremu zilizo tayari wana vipimo vyao, kwa mfano 60 kwa 90, na ili picha ijae humo lazima waikate. Picha nzima ya Regatta yenye upana wa 90 ingehitaji kimo cha zaidi ya 66, kwa hiyo sentimita sita na zaidi za anga au za ufuo zitakwenda kwenye pipa la taka. Mwambie akuandikie vipimo vya picha yenyewe, mbali na vya fremu. Mimi ningechapa sentimita 40 kwa 54, ambazo zinaenea juu ya karatasi ya A2 na bado ukabaki ukingo mweupe wa kushikia. Kwa ukubwa huo, faili lenye pikseli 4,250 kwenye upande mrefu linatosha, na likiwa na 6,400 ni bora zaidi.

Mama wa Shela

Mimi nitajibu lile la kufika. Picha yangu, ambayo haikuwa ya Monet bali ya bustani ya mchoraji mwingine, ilitoka ng'ambo ikiwa na fremu na kioo. Ilishuka Nairobi, ikapanda basi hadi Mokowe, ikatiwa kwenye boti, ikateremshwa gatini, na kutoka gatini ikabebwa juu ya punda ndani ya shogi pamoja na mifuko miwili ya unga. Nilipoishika bahasha yake niliisikia ikilia kama bati la shanga. Kioo kilikuwa kimevunjika, pengine tangu kwenye basi, na vipande vyake vilikuwa vimesuguana na karatasi njia nzima, hata anga lote likawa na mikwaruzo. Muuzaji alinijibu kwamba picha ilitoka kwake ikiwa nzima, na hilo silikatai.

Kwa hiyo, binti yangu, agiza karatasi peke yake, ikiwa imekunjwa ndani ya bomba gumu la kadibodi. Kama ni lazima ije na fremu, basi iwe na ule ubao wa plastiki angavu badala ya kioo, ambao ni mwepesi na hauvunjiki ovyo. Ila jihadhari usiusafishe kwa dawa ya vioo, kwa kuwa huufanya uwe na ukungu, na ukiupangusa kwa kitambaa kikavu huvuta vumbi lote la mtaa.

Fundi wa Langoni

Nimesoma yote. Bi Shela amesema kweli kuhusu njia, lakini hata kama picha ingekuja kwa ndege hadi Manda ikiwa imefungwa kwa pamba, bado ningekwambia uitengenezee fremu hapa, kwa sababu ya ukuta.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatema. Fremu nyingi za dukani zimefungwa nyuma kwa hadibodi nyembamba, karatasi imelala moja kwa moja juu ya hadibodi, na kioo kimelala moja kwa moja juu ya karatasi. Ukiitundika hiyo ikagusa ukuta wetu mwezi wa tano, unyevu utaingia kwa nyuma, utakosa pa kutokea, na asubuhi moja utaona ndani ya kioo vitone vya maji. Baadaye wino utagandana na kioo, na hapo hakuna fundi atakayeutoa. Nimeletewa picha za arusi za namna hiyo si mara moja. Pamoja na hayo, hadibodi ina asidi, na asidi hiyo huhamia kwenye karatasi yako ya pamba uliyoilipia kwa ajili ya kuikwepa.

Mimi hufanya hivi. Karatasi ninaishika kwa juu tu, kwa bawaba mbili za karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano, nikaiacha upande wa chini ining'inie huru. Watu huniambia, fundi, mbona hukuibandika yote ikatulia? Karatasi hutanuka wakati wa mvua na kunywea wakati wa kaskazi, na ukiibana pande zote nne itafanya mawimbi, na mawimbi tunayotaka ni yale aliyochora mwenyewe. Juu yake huwekwa kadi nene isiyo na asidi iliyokatwa dirisha katikati, ile tunayoiita maunti. Wengi hudhani ni pambo, kumbe kazi yake kubwa ni kukitenga kioo na karatasi. Nyuma ya karatasi huja kadi nyingine ya namna hiyo hiyo, kisha ubao mwepesi, kisha mwanya wote huzibwa kwa utepe ili wale wadudu wadogo wenye rangi ya fedha, walao karatasi, wasipate mlango.

Misumari na vikulabu viwe vya shaba au vya chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi huumaliza waya wa kawaida, na picha haitaanguka mchana mkiwa mnaitazama, itaanguka usiku. Kwenye pembe mbili za chini, kwa nyuma, gundisha vipande vya kizibo vya unene wa sentimita moja, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Hivyo vipande viwili ndivyo vya bei ndogo kuliko vyote, nami ningekubali kuacha kioo kabla ya kuviacha.

Kuhusu kutoboa ukuta: usipige msumari kwa nyundo, kwa sababu plasta ya chokaa huachana na jiwe na kuanguka kipande cha upana wa sahani. Toboa polepole kwa keekee hadi ufike kwenye jiwe, utie plagi, ndipo ukaze skrubu. Na kama upande huo una nakshi za plasta za zamani karibu na zidaka, usiuguse kabisa, usogee upande mwingine.

Binti wa Mkomani

Shukrani kubwa kwenu nyote, nimeshaliacha lile toleo la 500 na cheti chake. Nimebaki na mambo mawili. Fundi, nilikuwa nimefikiria fremu ya nakshi za Lamu, ya mbao nene iliyochongwa, ili Mfaransa huyu akae ndani ya mti wetu. Je, inafaa? Na la pili, nimeona kwamba kuna picha nyingine ya Monet ya ufuo huo huo, yenye mawingu. Kuna anayeijua?

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Picha unayoisema ni "The Beach at Sainte-Adresse", nayo ipo katika Taasisi ya Sanaa ya Chicago. Monet alizichora zote mbili mwaka huo huo wa 1867, kwenye turubai za ukubwa unaokaribiana mno, na inafaa kuzitazama pamoja kama ndugu wawili walioachiana urithi usiolingana. Katika ya New York kuna jua, maji yamejaa, mashua za mashindano ziko mbali na watu waliovaa vizuri wamekuja kutazama. Katika ya Chicago mawingu yametanda, maji yamekupwa, na mashua zilizopo ni za wavuvi, zimepandishwa mchangani pamoja na wenyewe. Mjomba wako aliyatambua maji ya kujaa kwenye kioo cha simu. Mwonyeshe na hiyo nyingine kabla hujalipa.

Nitaongeza jambo moja la tarehe, kwa kuwa wauzaji hulichanganya. Mwaka 1867 jina la Impresheni, yaani mtindo wa uchoraji wa Monet na wenzake, lilikuwa bado halijazaliwa. Lilikuja mwaka 1874, wakati Monet na wenzake walipofanya maonyesho yao ya kwanza mjini Paris, naye akaweka ukutani picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, "Impression, soleil levant", na mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, akalichukua neno hilo kuwafanyia dhihaka. Picha mnayoitaka ni ya kijana wa miaka 26 aliyekuwa bado anatafuta njia, na ndiyo maana mapigo ya brashi ndani yake bado ni thabiti kuliko yale ya matete na maua ya maji ya uzeeni. Kwa nakala hilo ni faida, kwa kuwa maumbo yake husomeka hata picha ikipunguzwa hadi nusu.

Na hapa ninaunga mkono kipimo cha Mpiga Chapa, kwa sababu ambayo hakuitaja. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo ukiupa mgongo ukuta mmoja, ule wa pili haufiki mita tatu kutoka kwako. Picha za namna hii hujikusanya machoni mtu akirudi nyuma, na nakala ya ukubwa kamili katika chumba hicho ingekuonyesha rangi iliyopakwa tu, mashua usizione. Iangalieni pia taa: usiitundike ikikabili mlango wa kiwanda, yaani ule ua wa ndani, la sivyo Mjomba atakuwa anatazama kivuli cha ua wake mwenyewe juu ya kioo.

Fundi wa Langoni

Mimi ni mchonga nakshi, chakula changu kinatoka huko, na hata hivyo nakwambia usichonge. Nakshi zetu zimejaa, hazimwachii mtu nafasi ya kupumzisha jicho, na picha yenye mashua ndogo za umbali ule itamezwa. Nilimtengenezea mtu mmoja hapa fremu ya waridi na minyororo kwa picha ya mto, na kila mgeni akiingia huisifu fremu.

Nitakutengenezea ya msaji mkavu, upana wa sentimita tatu, bila rangi, ipakwe mafuta tu. Mti wa mwembe ni rahisi, lakini wadudu wanaupenda kuliko tunavyoupenda sisi. Ukisisitiza nakshi, nitakutilia mstari mmoja mwembamba wa kamba ukingoni kwa nje, basi. Kwa picha ya 40 kwa 54, maunti ya sentimita saba kila upande na ubao wa tatu, fremu nzima itakuwa 60 kwa 74, nayo itakaa katika ile nafasi yako ya 95 ikipumua pande zote mbili.

Binti wa Mkomani

Jana baada ya alasiri nilimwekea Mjomba picha zote mbili kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, bila kumwambia niliyoyasoma hapa. Ile ya Chicago aliitazama kwa utaratibu. Aliniuliza kama zile mashua hupandishwa kwa magogo au kwa mikono, akasema wale wazee wa mchangani wanangoja maji, na kwamba hali ile ya hewa anaijua, haina mvua wala haina safari. Nikadhani amekwisha chagua. Kisha akaniambia, "Turudie ile ya kwanza. Mashua zilizopwelewa nimezitazama vya kutosha."

Kwa hiyo ni Regatta, ya 40 kwa 54, karatasi ya pamba. Nimelichukua faili kutoka makumbusho na nimempata mchapaji wa Mombasa aliyejibu yale maswali mawili bila kuzunguka. Itakuja ndani ya bomba. Fundi, mstari wa kamba ninautaka.

Fundi wa Langoni

Hewaa. Ikifika usiifungue gatini, wala usiibanjue kwa kuikunja upande wa pili, maana wino utapasuka. Itoe kwenye bomba nyumbani, ilaze juu ya shuka safi, uifunike kwa shuka jingine na vitabu vipana, uiache siku mbili tatu ijinyooshe yenyewe. Kisha niletee asubuhi, siku isiyo na mvua, na uishike kwa ukingo mweupe.